Baisani kwa Mshale: Bei, Subira na Ndoo za Matumbo

Niliwinda baisani, yule mnyama wa Amerika mwenye nundu anayefanana na ng'ombe, kwa upinde na mshale. Swali la kwanza ninaloulizwa na Waafrika Mashariki wenzangu hapa South Dakota ni bei, basi nianze nayo. Mfugaji nilimlipa dola 2,800 kwa dume la miaka miwili na nusu. Upinde wa mitumba, mishale na vyembe vyake, yaani vichwa vya chuma vya kukatia, vilikula 900. Bucha ilidai 750. Mwelekezi nilimpa bakshishi ya 280, kwani nilielezwa kuwa asilimia kumi ni heshima. Weka mafuta ya gari kutoka Sioux Falls hadi magharibi ya jimbo, moteli, na friza kubwa ambayo sikuwa nayo. Jumla ikagonga dola 5,500. Nyama isiyo na mfupa niliyoipata ni kilo 160 hivi. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya dola 34 kwa kilo. Anayetaka kuonja baisani tu aende dukani, atarudi na chenji.

Nayasema haya mapema kwa sababu najua watu wanavyoshawishika na picha. Mtu amepiga goti nyuma ya kichwa kikubwa chenye manyoya, upinde mkononi, meno yote nje. Picha haionyeshi risiti, wala muda wote aliosimama kwenye baridi huku mshale uko kwenye ugwe na hauachii. Mimi kwa niliyoyaona, uwindaji huu sehemu yake kubwa ni kutopiga.

Nimezaliwa upande wa Kibwezi, si mbali na Tsavo, baada ya serikali ya Kenya kupiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Upinde wa babu ulikuwa umechomekwa darini, umeshika masizi, na ole wako uonekane nao porini: jina lako lingekuwa moja tu, jangili. Lakini jioni babu alikuwa akisimulia. Alieleza jinsi magome na mizizi ya msunguti ilivyochemshwa mpaka ikawa nyeusi na nzito, ikapakwa nyuma ya chembe, kisha ikafungwa kwa ngozi ili jua lisiidhoofishe. Kwa sumu ile mshale haukuhitaji kufika mbali. Ilimradi umegusa damu, mnyama alikuwa hana safari ndefu.

Hilo ndilo jambo la kwanza nililolazimika kulifuta kichwani. Huku sumu kwenye mshale hairuhusiwi. Chembe inaua kwa kukata: ipite kwenye mapafu au moyo, damu imwagike ndani, mnyama aishiwe pumzi. Ukipiga paja, shingo au nundu, umemtesa kiumbe na umejitafutia balaa. Na baisani dume mzima anaweza kufika kilo 900, na anakimbia kilomita 55 kwa saa. Mti wa kupanda hakuna. Nyanda zile ni nyasi na upepo.

Kuna njia mbili za kumfikia mnyama huyu kihalali. Ya kwanza ni makundi ya porini na ya hifadhi, ambayo vibali vyake hutolewa kwa bahati nasibu. Milima ya Henry kule Utah ina kundi lililotokana na baisani 18 walioletwa kutoka hifadhi ya Yellowstone mwaka 1941. Ukibahatika kibali cha huko, ni mara moja maishani. Delta Junction, Alaska, nako ni bahati nasibu, na wapo walioomba kwa miaka bila kuitwa. Hapa kwetu, hifadhi ya Custer State Park hutoa vibali vichache kila mwaka. Njia ya pili ni ranchi binafsi. Hapo baisani anahesabiwa kuwa mfugo, hivyo unachohitaji ni makubaliano na mwenye mali.

Nilichagua ranchi, na sioni haya kusema. Wapo wanaosema uwindaji ndani ya uzio si uwindaji. Klabu ya Pope and Young, inayotunza rekodi za wanyama waliopigwa kwa upinde, haiandiki mnyama aliyezungushiwa uzio, na nadhani wana haki. Ila mimi sikutafuta rekodi. Nilitaka kujua kama mkono wangu unaweza ile kazi ambayo nyumbani niliisikia kama hadithi, na mahali pa kujifunzia ni pale penye mtu mzoefu pembeni. Ranchi niliyokwenda ilikuwa na maelfu ya ekari. Uzio wenyewe niliuona tulipoingia na tulipotoka.

Halafu kuna historia ambayo mwenye asili ya Kenya hawezi kuipita kimya. Baisani walikuwa mamilioni kwa makumi. Reli ikaja, viwanda vya ngozi vikaja, na miaka ya 1870 wapiga risasi waliwachuna ngozi na kuacha mizoga ioze. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1880 walikuwa hawajafika hata 1,000. Walakota, wenyeji wa asili wa nyanda hizi, na jamii nyingine, waliokuwa wakila, wakivaa na kulala ndani ya mnyama huyo, waliangamiziwa njia yao ya maisha pamoja naye. Waliookoa mbegu walikuwa pamoja na wafugaji binafsi wachache: Custer ilianzisha kundi lake mwaka 1914 kwa baisani 36 kutoka kwa mifugo ya Scotty Philip wa Fort Pierre. Kwetu Kenya tulifunga mlango wa uwindaji. Huku waliufungua tena kwa kipimo na kwa bei. Sijui kama dawa ya huku ingefaa Kibwezi. Ninachojua ni kwamba mfugaji niliyemlipa ana sababu ya kutunza kundi lake mwaka ujao.

Tuje kwenye vifaa. Upinde wa kisasa una magurudumu mawili kwenye ncha zake. Wangu unavutwa kwa nguvu ya pauni 65, lakini ukishaufikisha mwisho magurudumu yanabeba mzigo, mkono unabaki na pauni 13 hivi. Hapo ndipo unapata nafasi ya kusubiri. Mwenzangu wa zamu kiwandani, aliyenifundisha kuwinda kulungu wa huku, alitaka ninunue upinde wa pauni 80. Nilikataa. Upinde unaoweza kuuvuta polepole ukiwa umepiga magoti, na koti zito mwilini, ndio wako. Ule unaokulazimisha uelekeze mikono angani kwanza utakuumbua mbele ya mnyama.

Kilicho muhimu kuliko upinde ni mshale. Uzito wa mishale hupimwa kwa greni. Greni 7,000 ndizo pauni moja. Mshale wa kulungu ni greni 400 hivi. Kwa baisani nilipanda hadi 650, karibu gramu 42, nikifuata maelezo ya Ed Ashby, Mmarekani aliyetumia miaka mingi kuchunguza, Afrika Kusini na kwingineko, mishale ipi hupenya wanyama wenye mifupa mizito. Uzito uwe mbele, karibu na chembe. Chembe yenyewe iwe ya makali mawili, chuma kimoja kisicho na viungo. Zile zinazokunjuka zikigonga mwili ni nzuri kwa kulungu, lakini kwa ubavu mnene nguvu yote inaishia kwenye kukunjuka. Noa mpaka inyoe vinyweleo vya mkononi. Vyembe vipya vya dukani vilivyoandikwa kwamba vina makali ya wembe, nilivipitisha mkononi na havikunyoa kitu.

Mshale mzito una dosari yake: unaanguka haraka. Alama za kulengea zilizokuwa sawa kwa mshale mwepesi zote zilikaa vibaya, nikaanza upya. Nilijiwekea mpaka wa yadi 25. Walakota wa zamani, kwa pinde zao fupi, walimpandishia farasi baisani ubavuni na kuachia mshale kwa karibu sana. Sioni kwa nini mtu wa leo ajione anaweza kusimama mbali mara mbili au tatu kwa sababu tu upinde wake una bei.

Mazoezi fanya kwa nguo zilezile utakazovaa. Nilipojaribu na koti la baridi ugwe ulikwaruza mkono wa koti na mshale ukaenda pembeni kabisa mwa shabaha. Dawa yake ilikuwa kifunga mkono cha dola 15. Na kabla hujaanza kulenga shabaha nyuma ya nyumba, uliza sheria za mji wako. Miji mingi hairuhusu, na mtu mweusi mwenye upinde uani ataitiwa polisi kabla hajamaliza podo. Nenda uwanja wa shabaha. Tena kwa wenzangu ambao karatasi zao bado hazijakaa vizuri: sheria ya shirikisho haiuhesabu upinde kama bunduki, lakini vibali vya kuwinda porini vina masharti yake kwa kila jimbo, na usichukue neno langu, piga simu ofisi ya wanyamapori.

Sasa mwili wa mnyama. Ukimtazama baisani ubavuni, jicho linavutwa na nundu. Ndani ya nundu hiyo mna miiba mirefu ya uti wa mgongo inayoshikilia misuli ya kubeba kichwa. Hakuna mapafu hapo. Moyo na mapafu viko chini, chini kuliko unavyodhani, na manyoya ya kifuani yanayoning'inia yanazidi kukudanganya ulipo mpaka wa mwili. Gawa mwili mara tatu kutoka mgongoni hadi tumboni. Lenga theluthi ya chini, nyuma kidogo ya mguu wa mbele. Akiwa amekugeuzia makalio kwa mshazari ndiyo bora zaidi, maana mshale unaingilia nyuma ya mbavu na kusafiri mbele. Akikutazama uso kwa uso, shusha upinde. Nilibandika picha ya mifupa yake kwenye mlango wa jokofu hadi mke wangu akalalamika.

Kabla ya kutoka, mimi na mwelekezi tulikubaliana juu ya bunduki. Hili watu wengi hulikwepa. Yeye hubeba bunduki ya akiba, na swali ni lini atapiga. Tulikubaliana: mnyama akija kwetu, anapiga bila kuniuliza, mnyama akijeruhiwa na kuelekea mbali, anapiga. Na kanuni ya ranchi ilikuwa ukitoa damu, umenunua, hata asipopatikana. Iandikwe. Bei nayo iandikwe inajumuisha nini: kichwa? ngozi? trekta la kubebea? Pale kwangu kichwa cha dume hili kilikuwa changu, lakini kukikausha na kukitundika kungenigharimu zaidi ya nusu ya bei ya mnyama. Nilikiacha.

Tulitoka mwezi wa Januari, nyuzi 18 chini ya sifuri. Baridi hiyo ina faida yake: manyoya yamekamilika na nyama haiharibiki. Kundi lilikuwa bondeni, migongo imefunikwa theluji isiyoyeyuka, jinsi ngozi ile inavyozuia joto lisitoke. Tulitembea upepo ukitupiga usoni, tukafika kwenye mkunjo wa ardhi, tukapiga magoti. Mwelekezi, mzee mmoja wa maneno machache, alinionyesha dume letu kwa kidevu.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Dume lilisimama vizuri, yadi 20, lakini nyuma yake alikuwepo jike. Mshale mzito unaweza kutokea upande wa pili, na mnyama wa pili ni bili ya pili. Sikupiga. Likasogea, likageuka uso. Sikupiga. Ndama akapita katikati. Vidole vya miguu vilikuwa vimeshakufa ganzi na kope zinagandana. Kuna wakati mzee alininong'oneza, "Huyo sasa," na kweli alikuwa wazi, lakini mguu wa mbele ulikuwa umerudi nyuma na mfupa wa bega umefunika pale nilipotaka. Nilitikisa kichwa. Niliona amekereka. Usimwogope mwelekezi: yeye anataka kurudi nyumbani kunywa kahawa, na mshale ni wako.

Kundi lilihama, tukalifuata kwa kuinama, tukaanza upya. Nilipopata nafasi, dume lilikuwa peke yake kwa mshazari, yadi 22, mguu wa mbele umetangulia. Nilivuta. Sikumbuki kuachia. Nakumbuka mlio, kama mtu aliyepiga zulia kwa fimbo, na manyoya ya mshale yakipotelea ubavuni.

Nilitarajia vurugu. Dume lilishtuka, likapiga hatua chache, likasimama na kutazama huku na huku kana kwamba limeumwa na mbung'o. Nilidhani nimekosa. Mzee akaninong'oneza niweke mshale mwingine, nami nikapiga tena ubavu mzima ulipojitokeza. Ukipata nafasi ya mshale wa pili, utumie. Hakuna nishani ya kuua kwa mmoja. Povu jekundu likatoka puani. Miguu ya nyuma ikaanza kuyumba, na baada ya dakika kama nne likalala.

Wenzake hawakukimbia. Walikuja. Walilinusa, wakaanza kulisukuma kwa pembe, dume mmoja mkubwa akawa analiinua kabisa kutoka ardhini. Sijawahi kuona kitu cha namna ile, na kilinigusa kuliko kifo chenyewe. Sikujua kama walikuwa wanaliamsha au wanaliadhibu. Usithubutu kukaribia wakati huo. Tulirudi kinyumenyume hadi kwenye gari, mzee akaliendesha polepole katikati yao mpaka wakaachia. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyopenda. Mikono ilikuwa inanitetemeka, na si baridi peke yake.

Mimi nimefanya kazi ya kukata nyama kiwandani, nikajiona fundi. Kiwandani mnyama anakuja safi kwenye ndoano. Huyu manyoya ya begani yalikuwa yamejaa udongo ulioganda na miiba ya nyasi, na kisu kilikuwa butu kabla sijafika shingoni. Njoo na visu vitatu au vinne na kinoo, na kata ngozi kutokea ndani kwenda nje ili makali yasipambane na manyoya. Mvuke ulipotoka tumboni niliingiza mikono mpaka viwiko na kwa mara ya kwanza siku ile nikahisi vidole. Chembe ya kwanza ilikuwa imekata ubavu mmoja na mapafu yote mawili.

Mzee alifungua macho nilipoomba ndoo za matumbo. Alikuwa ameshazoea kuyaachia ndege. Nilichukua matumbo, ini, moyo, figo, ulimi na kwato, na ushauri wangu kwa Mwafrika yeyote ni kubeba ndoo zenye vifuniko na maji ya moto kwenye chupa, maana hakuna atakayekuandalia. Matumbo yakigandia mchangani hayasafishiki tena. Mutura, ile soseji ya matumbo, tuliyoitengeneza kwa Mkikuyu mmoja jirani iliisha kabla makaa hayajashika vizuri.

Nyama yenyewe ni nyekundu sana na haina mafuta. Ukiichoma kama mbuzi utatafuna kamba. Choma juu ya moto wa wastani, itoe ikiwa bado na wekundu ndani, au iandae kwa mchuzi wa polepole. Ya shingo na mguu niliipika na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, saa nyingi, na hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko steki zote. Bucha hukurudishia pakiti zenye muhuri kwamba si za kuuza, na wanamaanisha. Watu watakupigia simu wakitaka kununua kilo tano kwa ajili ya harusi. Gawa bure au kataa.

Na kama una majirani Waislamu, zungumza nao kabla hujaahidi. Rafiki yangu wa Mombasa aliniuliza moja kwa moja, "Kaka, huyu alichinjwa?" Nikamweleza kwamba alikufa kwa mshale, na kisu kilimkuta ameshakwisha. Alimpigia sheikh wake, akaambiwa kwamba mnyama aliye chini ya mikono ya watu sharti achinjwe. Alishukuru, akakaa kwenye soda na viazi, na hakuna aliyenuna. Mwaka ujao nikirudi kwa mfugaji yule nitachukua jike, ambaye ni nafuu na mlaini zaidi. Huyo wa Mombasa keshaniambia atalipia nusu ya mnyama wa pili, wa kuchinjwa kwa mkono wake, kama mzee atakubali kumwingiza mnyama huyo kwenye zizi.